Sarakasi Shuleni: Mmeuliza, Tunajibu

SWALI: Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 40, na nataka wajue kurusha na kudaka mipira mitatu. Mipira ya tenisi inadunda hadi mtaroni, nusu ya kipindi kinaishia kuikimbiza. Nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Morogoro

JIBU: Mwalimu, achana na mpira unaodunda. Chukua soksi kuukuu, mimina mtama gramu 90, funga fundo, geuza sehemu iliyobaki ifunike fundo, kisha shona. Kipira hicho kikianguka kinatulia papo hapo. Usikikaze, kiganja cha mtoto kinashika vizuri kitu kilicholegea kidogo. Wapange wawili wawili, mmoja arushe, mwenzake aokote na kuhesabu. Hapo utahitaji vipira 60, mtama kilo tano na nusu hivi. Vitunze kwenye debe lenye mfuniko, maana panya hawana adabu.

Anza na kipira kimoja, kutoka mkono hadi mkono, kikipita usawa wa macho, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Kwenye viwili ndipo kazi ilipo. Cha kwanza kikifika juu kabisa na kuanza kushuka, ndipo cha pili kirushwe, kipite chini yake. Watoto waimbe: “Rusha, rusha, daka, daka.” Karibu wote watakipitisha cha pili mkononi kwa mkono badala ya kukirusha, kwa sababu mkono dhaifu unaogopa. Dawa ni kuanzia na mkono huo huo dhaifu. Asiyeweza viwili mara kumi mfululizo asipewe cha tatu.

Anayetembea mbele huku akirusha msimamishe hatua moja kutoka ukutani, auelekee. Vipira vikigonga ukuta ataona mwenyewe kwamba anavirusha mbele badala ya juu.

SWALI: Katika mazoezi ya piramidi mtoto wa chini alilalamika mgongo. Je, tuache?
Mwalimu wa zamu, Malindi

JIBU: Msiache, ila angalieni aliye juu anaweka wapi uzito. Wa chini apige magoti, mikono iwe wima chini ya mabega, mapaja wima chini ya nyonga. Wa juu aweke magoti juu ya nyonga na viganja juu ya mabega. Katikati ya mgongo hapaguswi, kwa kuwa chini yake hakuna nguzo.

Wawili chini, mmoja mwepesi juu, peku, kwenye nyasi au mchanga. Msaidizi mmoja mbele na mmoja nyuma. Wasichana wavae kaptula ndani ya sketi. Wa juu ashuke kwa nyuma, mguu mmoja mmoja, bila kuruka. Ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, pale wa chini wanapotawanyika makofi yakianza. Wasisogee mpaka kiongozi aseme “huru”.

Ghorofa ya tatu mnayoiona jukwaani waachieni wenye mkufunzi na magodoro.