Jibu: Bustani ya Jamhuri Tanga, mwezi gani mzuri?

Dada, umeuliza mwezi gani uwalete watoto kutoka Moshi waifurahie Bustani ya Jamhuri. Mimi ningekwambia Juni hadi Agosti, kusi likivuma. Jua halichomi, masika imeshapita na nyasi bado zina ukijani. Saa kumi jioni tafuteni kivuli karibu na ule mnara wa saa wa enzi za Wajerumani, bandari iko chini yenu na kisiwa cha Toten mbele. Upepo wa wakati huo mtandio haukai kichwani, na maganda ya karanga yanaruka kabla hujayatupa.

Aprili na Mei sikushauri, ndiyo masika yenyewe. Mvua ikishika asubuhi, siku imekwisha.

Desemba hadi Machi ni kaskazi, na joto la Tanga ni la jasho, nguo zinagandana mwilini. Watu wa Moshi mtalalamika sana! Nendeni baada ya alasiri. Afadhali mwanzoni mwa kipindi hicho maembe yamejaa sokoni na mikrismasi imechanua nyekundu. Vuli haina tabu, bebeni mwavuli tu.

Halafu usije ukatarajia bustani ya kutembea kutwa nzima, mtaimaliza upesi. Utamu wake ni kukaa na kupiga soga. Watoto wakitaka kuogelea, wapeleke ufukweni Raskazone, si mbali kwa bodaboda. Ila uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, yakishatoka watapiga matope tu.