"Customs" ni forodha, na pia ni mila

Dada, umeuliza ujifunze maneno gani ya Kiingereza kabla ya kwenda kusoma London, usionekane huna adabu. Anza na "please". Kwetu adabu imo ndani ya kitenzi: ukisema "naomba maji" au "nisaidie chumvi", umemaliza. Ukitafsiri "nipe maji" kuwa "give me water", Mwingereza atasikia amri. Sema "Could I have some water, please?" Jizoeze hadi ulimi uzoee.

Neno litakalokusumbua zaidi ni "sorry". Sisi tunalitumia kama pole: mtu akijikwaa barabarani, tunamwambia "sorry". Huko atakushangaa na kukujibu kwamba si kosa lako, kwa kuwa kwao hapo ni kuomba radhi. Mwulize "Are you all right?" Mimi bado pole naikosa sana, Kiingereza hakina neno linaloitosha. Ila kwenye msiba, "I'm sorry for your loss" ndiyo pole hasa.

"Customs" yenye s ni mila, na pia ni forodha. Uwanja wa ndege utaona njia ya kijani, "nothing to declare", yaani sina cha kutangaza, na nyekundu ya wenye cha kutangaza. Nyama ya kukausha na samli ya mama viache nyumbani, haviruhusiwi kuingia.

Kupita katikati ya watu, sema "excuse me". Na foleni, dada yangu, usiiruke kamwe.