Hatuna wa kutushika mkono: maswali yenu kuhusu vyuo vigumu kuingia Marekani

Ujumbe mlionitumia mwezi huu unazunguka jambo moja. Mtoto ambaye baba yake si tajiri, hakusoma shule ya ada kubwa, na ukoo mzima hauna aliyewahi kukanyaga Marekani, anaingiaje chuo kinachokataa watu 95 katika kila 100? Nimechagua maswali saba. Majina nimeyaacha.

*Shikamoo Mwalimu. Niko sekondari ya kutwa huku Kilifi. Nasikia Harvard na wenzake huchukua watoto wa matajiri na watoto wa waliosoma palepale. Kuna haja ya kujisumbua?*

Marahaba mwanangu. Ulichosikia ni kweli, na sitakuficha. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti kuhusu vyuo 12 vya juu vya Marekani. Waligundua kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri ana nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma humo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati, hata wakiwa na alama zilezile za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Anabebwa na wazazi waliosoma pale, na michezo ambayo maskini haichezi, na shule binafsi zinazojua kumpamba kwenye karatasi. Hata hivyo hawafanani wote. MIT haihesabu kabisa kwamba mzazi wako alisoma pale, na Amherst na Johns Hopkins walishaacha desturi hiyo.

Ushindani nao ni mkali. Kwa darasa lililoingia Harvard mwaka 2024 waliomba watu kama 54,000, na waliopata hawakufika 2,000.

Kwa nini basi nakwambia ujaribu? Kwa sababu ya pesa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst, Bowdoin, Brown na Notre Dame hawaangalii uwezo wako wa kulipa wanapoamua nani aingie, hata kama wewe ni mgeni. Wakikukubali, wanapiga hesabu familia yenu inaweza kutoa kiasi gani, na pengo lote linalobaki wanalijaza wao: ada, chumba, chakula. Vyuo vingine vingi vya Marekani mgeni akiomba msaada, ombi lenyewe linampunguzia nafasi. Kwa hiyo kabla hujalipenda jina la chuo, soma ukurasa wao wa misaada kwa wanafunzi wa kigeni. Wengi huanzia kwenye jina, kisha wanapata barua ya kukubaliwa yenye bili ambayo ukoo mzima ukiuza mashamba hautaimaliza.

*Nilifanya KCSE Novemba, matokeo yametoka Januari na nina A. Nimechelewa?*

Kwa mwaka huu, ndiyo. Vyuo vingi vya aina hii hufunga maombi siku za mwanzo za Januari. Utumie mwaka unaokuja vizuri. Fanya mazoezi ya SAT kwenye tovuti ya Khan Academy, ni bure. Mtihani wenyewe ni ghali, unazidi dola 100 kwa mtu wa nje ya Marekani, kwa hiyo usiende kuujaribu tu. Wengi wanaoingia Harvard au MIT wana 1500 kwenda juu kati ya 1600, ila alama yako husomwa pamoja na hali ya shule uliyotoka. Ulizia EducationUSA, ofisi ya ushauri ya serikali ya Marekani iliyoko Nairobi. Ushauri wao haulipiwi, na waulize kama upo mfuko wa kuwasaidia gharama za maombi wanafunzi wachache wasiojiweza. Ulizia pia KenSAP, mpango ulioanza mwaka 2004 kwa juhudi za mwandishi John Manners na Mike Boit, yule mkimbiaji wa medali ya shaba ya mita 800 kule Munich 1972. Unawaandaa Wakenya wenye alama za juu na wasio na uwezo kwa vyuo vya aina hiihii.

*Fomu inataka shughuli kumi nje ya darasa. Mimi sina klabu, sina tuzo, sijawahi kupanda ndege kwenda mashindano. Nikitoka shule nauza maandazi na mama na kulea wadogo zangu. Niandike nini?*

Andika hayohayo, binti yangu. Swali lako ndilo lililonifanya nikae kuandika safu hii.

Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi kumi za shughuli, na katika orodha ya aina za shughuli yamo majukumu ya familia. Wameyaweka kwa makusudi. Mwaka 2016 kitivo cha elimu cha Harvard kilitoa ripoti iliyoungwa mkono na maafisa wengi wa udahili, ikisema kulea ndugu na kuchangia kipato cha nyumbani kuheshimiwe sawa na shughuli nyingine. Lakini afisa anayesoma faili lako hajui maisha yako mpaka umwambie, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150. Kwa hiyo usimwambie "namsaidia mama". Mwambie: "Nauza maandazi 120 kila jioni baada ya shule, natunza daftari la mapato, nalea wadogo watatu mama akiwa sokoni." Ukishaiweka kwa Kiingereza, hesabu herufi.

Halafu kuna insha, maneno yasiyozidi 650. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoanguka, na kosa si lao. Tumewafundisha insha za mtihani: methali mwanzoni, "elimu ni ufunguo wa maisha" katikati, shukrani mwishoni. Miaka michache iliyopita msichana mmoja aliniletea insha ya namna hiyo, safi kisarufi, ambayo ingeweza kuandikwa na yeyote. Nikamuuliza nyumbani wanapika nini cha kuuza. Mandazi, akasema. Unga kilo ngapi? Nne. Bei ya sukari ilipopanda mlifanyaje? Akanyamaza, kisha akaanza kueleza. Mama alitaka kupandisha andazi kutoka shilingi kumi hadi kumi na tano. Yeye akamwomba wiki moja. Akachukua daftari lake la hesabu, ukurasa wa nyuma, akawa anaandika kila jioni ni mangapi yamerudi kwenye beseni: siku za bei ya zamani, siku za bei mpya, siku za bei ya zamani lakini andazi dogo kidogo. Ikaonekana wateja wa asubuhi, mafundi na watu wa bodaboda, hawajali udogo bali wanajali kutafuta chenji. Wakabaki na kumi.

Nikamwambia, hiyo ndiyo insha yako. Aliiandika upya mara tano. Neno "umaskini" halikuwemo hata mara moja, wala hakumwomba mtu amhurumie. Alikataliwa na vyuo sita, akakubaliwa na kimoja, kwa ufadhili kamili.

Usitunge mateso, na usiazime ya jirani. Wala usikimbilie kuanzisha shirika la hisani mwezi wa Oktoba ili fomu ijae. Nafasi nne za kweli zinatosha kuliko kumi za kubuni.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia Kakamega. Mwanafunzi ameniomba barua ya mapendekezo na sijawahi kuandika ya namna hii. Nianzeje?*

Sahau kwanza barua zetu za "ni mtiifu, ana nidhamu na bidii". Msomaji wa kule hatapata chochote humo, maana kila mwombaji ameandikiwa hivyo. Mweleze siku moja. Aliuliza swali gani likakulazimisha urudi kwenye kitabu? Maabara ilipokosa vifaa alifanyaje? Kama ndiye bora kati ya wote uliofundisha kwa miaka kumi, sema hivyo, taja na idadi yao. Mkuu wa shule naye aeleze shule yenyewe: mna wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, umeme upo au haupo, wangapi huendelea chuo kikuu. Bila hayo, alama za huyo mtoto zitasomwa kana kwamba alikuwa na kila kitu. Na barua utaituma mwenyewe mtandaoni kwa anwani yako ya barua pepe, kwa hiyo usiiache hadi siku ya mwisho.

*Tulitoka Uvira, tukakaa kambini, sasa tuko Louisville, Kentucky. Kijana wangu yuko darasa la kumi na moja, tuna green card. Ni wa kwanza kwetu kufikiria chuo. Tuanzie wapi, dada?*

Pole na safari, mama, na hongera. Kijana wako ana mlango ambao wenzake walioko Afrika hawana. Unaitwa QuestBridge. Unapokea raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, pamoja na wageni wanaosoma sekondari humo. Kwa kawaida ni familia za watu wanne zenye kipato chini ya dola 65,000 kwa mwaka. Mwanafunzi anavipanga vyuo washirika kwa mpangilio anaoutaka, na kikimchagua kimojawapo analipiwa miaka yote minne. Maombi hufungwa karibu na mwisho wa Septemba akiwa darasa la kumi na mbili, kwa hiyo mshauri wa shule aonwe sasa.

Cha pili mnacho karibu, safari ya takriban saa mbili kwa gari: Berea College. Tangu 1892 hawatozi ada ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa kumi kwa wiki. Si jina linalotajwa sana, lakini mimi mwanangu akipata Berea ningeshukuru Mungu.

Na usione haya kwamba Kiingereza chako ni kidogo. Kazi ya kukutafsiria hospitalini na kwenye ofisi za serikali, ambayo bila shaka anaifanya huyo kijana, nayo iingie kwenye fomu.

*Wakala anataka shilingi laki mbili, anasema ana mtu wake ndani ya ofisi ya udahili.*

Usimpe hata shilingi. Rick Singer, wakala wa namna hiyo kule California, alikuwa na watu wake kweli, makocha aliowahonga ili watoto wa matajiri waingie kama wanamichezo. Aliishia kuhukumiwa miaka mitatu na nusu jela, Januari 2023.

*Niko kidato cha sita Dodoma. Hizi habari za viza zimenikatisha tamaa. Niache?*

Usiache, ila badili mpango. Amri ya Rais wa Marekani ya Juni 2025 ilisimamisha viza mpya za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na ya Desemba mwaka huohuo ikaiongeza Tanzania. Amri za namna hii hubadilika, kwa hiyo thibitisha ubalozini kabla ya kulipia chochote, na ukikubaliwa uliza kama wanaweza kukuahirishia mwaka.

Lakini faili lilelile, kwa maana ya insha, barua za walimu na alama, linafaa kwingine. NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York kule Falme za Kiarabu, hutoa misaada mikubwa kwa wageni na maombi yake hupitia Common App hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kina ufadhili wa Lester B. Pearson unaolipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, ila shule yako ndiyo inayokupendekeza, na hilo hufanyika mapema kabla ya mwisho wa mwaka. Karibu zaidi kuna chuo kikuu cha Ashesi, Ghana. Wewe utafanya mtihani Mei, matokeo Julai, na masomo huko huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo kalenda yako iko sawa. Jumatatu mwone mkuu wa shule umuulize jambo moja tu: shule yetu inaweza kunipendekeza Toronto?