Aliyekisafisha Kioo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Salaam. Huku hatujambo, goti langu tu ndilo linalolalamika asubuhi. Jana kwenye simu nilikujibu hovyohovyo kwa kuwa sufuria ilikuwa jikoni. Uliuliza: hii faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha simu na intaneti kwa mwanga, mnayoilaza kwenye mitaro huko Dodoma aliibuni nani, ni yule yule Bell wa simu?

Siyo Bell. Ingawa naye, mwaka 1880, alishasafirisha sauti hewani kwa mwanga wa jua, mita mia mbili na ushee. Wingu likipita, mazungumzo yamekwisha! Ninayemtaja mimi ni Charles Kao, Mchina mzaliwa wa Shanghai, 1933. Alisomea uhandisi London, akaajiriwa kwenye maabara ya mawasiliano mjini Harlow, Uingereza.

Unajua kabla hujazaliwa nilikuwa opareta wa simu. Mtu akiunganishwa na Ulaya kwa setilaiti, sauti yake ilipanda kilomita 36,000 angani na kushuka kiasi hicho hicho. Akisema "halo", jibu linachelewa. Anadhani hasikiki, anarudia, wanagongana. Pesa nyingi za watu ziliishia kwenye "halo".

Kwamba mwanga hupita ndani ya uzi wa kioo hata ukipinda, hilo lilikuwa linajulikana. Madaktari walishautumia kuchungulia matumbo ya wagonjwa. Tatizo lilikuwa umbali. Kioo cha wakati ule kilimeza mwanga vibaya: mita 20 tu, imebaki asilimia 1. Wengi wakaona hapo hakuna njia. Kao akauliza swali ambalo mpaka leo linanifurahisha: kinachomeza mwanga ni kioo chenyewe, au ni uchafu uliomo ndani yake?

Chukua kipande cha kioo cha dirisha ukitazame kwa ubavu. Kijani, sivyo? Ile ni chuma, chembe kidogo sana. Mwaka 1966 yeye na mwenzake George Hockham wakachapisha hesabu zao: uchafu ukiondolewa, mwanga utafika mbali, na ikibaki hata asilimia 1 baada ya kilomita nzima, simu inapigika. Wala hakuishia kwenye karatasi. Alizunguka kwa watengeneza vioo wa nchi mbalimbali kuwashawishi, akarudi maabara kupima mwenyewe kioo cha silika, kile kisicho na uchafu, ili wasioamini waone. Hapo ndipo ninapompenda.

Waliofaulu kuutengeneza uzi wenyewe ni wengine, watafiti watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, mwaka 1970. Watu hubishana sifa ziende kwa nani. Mimi nawapa wote, ila hao watatu walijua wanatafuta nini kwa sababu kuna mtu alishawaambia kipo. Na uzi mnaoulaza ninyi, ile asilimia 1 unaikuta baada ya kilomita 100 hivi, kabla hamjauongezea mwanga nguvu popote.

Kwetu mkongo wa SEACOM, kebo ya faiba inayopita chini ya bahari, ulianza kazi Julai 2009, ukiingilia Dar es Salaam na Mombasa. Ulikuwa shule ya msingi bado, huwezi kukumbuka tulivyokuwa tukingoja ukurasa mmoja ufunguke mpaka chai inapoa. Oktoba mwaka ule ule Kao akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia. Lakini maradhi ya Alzheimer, yale ya kupoteza kumbukumbu, yalikwisha kumwingia. Kule Stockholm mhadhara wake aliusoma mkewe, Gwen, na mfalme wa Sweden ndiye aliyemfuata pale alipokuwa badala ya yeye kwenda mbele. Alifariki 2018, Hong Kong.

Mei 2024, mikongo miwili ya baharini ilipokatika, jirani yangu alitoka nje akainua simu juu kutafuta mtandao, kana kwamba intaneti inadondoka kutoka mawinguni. Nilicheka, halafu nikamweleza. Hakuniamini.

Ukija Krismasi, vile vipande mnavyokata na kutupa, niletee kimoja. Kitie kwenye chupa uifunge vizuri, maana nasikia vinachoma ngozi na havionekani. Nataka nikitazame kwa ubavu.

Mama yako