Harlem River Drive ya Eddie Palmieri: anzeni kuisikiliza kwenye besi

Mkuu umeuliza swali zuri sana hapo juu, kwamba umeambiwa Harlem River Drive ya Eddie Palmieri ndio klasiki ya kuchanganya jazz ya Kilatini, fanki na soul, ukaisikiliza kwenye simu ukaona nyimbo ndefu, vyombo vimejaa na hujui ushike wapi. Halafu mdau mmoja akakujibu kwamba hiyo ni salsa tu iliyowekewa maneno ya Kingereza. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza, naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hii albamu nimekaa nayo sana, mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi na hii kitu imenifundisha kazi yangu kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa naye.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Albamu imetoka 1971, lebo ya Roulette ya New York, ina nyimbo tano tu. Palmieri mwenyewe alizaliwa New York mwaka 1936, wazazi wake walitoka Ponce kule Puerto Rico, amekulia South Bronx. Kaka yake Charlie alikuwa mpiga kinanda mkubwa kabla yake na humu kwenye albamu Charlie yuko kwenye ogani, Eddie yuko kwenye piano. Kabla ya hapo Eddie alikuwa na bendi yake La Perfecta aliyoianzisha 1961, ile iliyoweka tromboni mbele badala ya tarumbeta, watu wa salsa wakabadilisha mwelekeo mzima kwa sababu yake. Kwa hiyo huyu sio mtu aliyekuwa anatafuta jina kwa kuiga fanki, jina alikuwa nalo tayari.

Sasa angalia aliowaita studio. Kwenye dramu yupo Bernard Purdie, gitaa yupo Cornell Dupree, na kwenye besi mmojawapo ni Jerry Jemmott. Hao watatu mwaka huohuo 1971 ndio walikuwa wanampigia muimbaji Aretha Franklin na mpiga saksafoni King Curtis pale ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, yaani ni watu wa soul wa daraja la kwanza kabisa Marekani. Muimbaji ni Jimmy Norman, mtu wa soul na yeye. Saksafoni ile nzito ya baritoni ni Ronnie Cuber, kwenye tarumbeta yumo Randy Brecker, hao ni watu wa jazz. Halafu kwenye ngoma za Kilatini, yaani tumba (konga), bongo na timbales zile za kupigwa kwa fimbo, wako Walatini wa Palmieri mwenyewe. Ndo maana nasema kuiita salsa ya Kingereza ni kutoitendea haki, salsa ya Kingereza ilikuwepo tayari miaka mitano nyuma yake, inaitwa boogaloo, wakina Joe Cuba na Pete Rodriguez, muziki mtamu tu lakini ule ulikuwa ni Walatini wanapiga soul kwa namna wanavyoisikia wao. Hapa wenye soul yao wamekuja wenyewe, wenye tumba zao wako palepale, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Na hapo ndipo ninapotaka mshike, kwenye besi.

Hesabu kichwani moja, mbili, tatu, nne. Kwenye muziki wa Kilatini wa New York besi inalikwepa pigo la moja. Inagonga baada ya mbili, inagonga kwenye nne, halafu ile nne inavutwa mpaka inaingia kwenye hesabu inayofuata ya moja mpaka nne, kwa hiyo moja inapita besi ikiwa imeshasema tangu mapema. Ndo maana ukicheza unajisikia kama unasukumwa mgongoni. Fanki ni kinyume chake kabisa, tangu James Brown alivyoipanga ile miaka ya 60 kila mtu kwenye bendi anarudi nyumbani kwenye moja, besi inaikanyaga, dramu inaikanyaga, unaweza kuzurura unavyotaka lakini kwenye moja mkutane. Sasa we jiulize, mpiga besi ukiwekwa katikati ya mpiga tumba anayekuambia ruka moja na mpiga dramu anayekuambia kanyaga moja utafanyaje? Bendi nyingi zilizojaribu mchanganyiko huu zinachagua upande mmoja, ule mwingine unabaki urembo, tumba zinapigwapigwa kwa mbali watu waseme kuna Kilatini.

Sikiliza Idle Hands, wimbo wa tatu, una dakika 8 na ushee. Besi imeshika riff moja, yaani kipande kifupi cha kurudiarudia, inayozunguka, inakanyaga kifanki kabisa, lakini usiiangalie peke yake, shusha sikio kwenye tumba utaona zinaongea lugha yao bila kubadilisha hata neno. Mapigo ya kawaida ya tumba, lile kofi kali linaanguka kwenye mbili, na zile sauti mbili za wazi, tum tum, zinaanguka kwenye nne na nusu yake. Snea, ile ngoma ya mlio mkali kwenye dramu, kwenye soul inapiga mbili na nne. Umeona? Kofi la tumba na snea wanakutana kwenye mbili, kwenye nne snea inafungua mlango na tumba inaingia na zile tum tum mbili zinazokupeleka kwenye moja, na kwenye moja ndo besi inakungoja. Kila mtu kabaki na kwao lakini wameshikana mikono. Mi nikisikia ile sehemu mpaka leo nasisimka.

Tuliwahi kuijaribu mazoezini na bendi yetu, tulikuwa tunatafuta kitu cha kupigia saa za mwanzo hotelini kabla watu hawajaanza kucheza. Dramu alikuwa kijana mzuri sana, anajua fanki, anajaza kila nafasi, haihati (yale matoazi mawili ya dramu) inakimbia, bass dramu inakimbia, na ilikuwa inasikika kama vurugu. Mzee wetu wa tumba ambaye amepiga dansi tangu ujana wake akaacha kupiga, akaweka mikono magotini, akasema "mwanangu, ukishasema yote wewe mimi niseme nini?" Kijana akasema sawa mzee wangu, shikamoo, akaanza tena, akaacha snea na bass dramu tu, haihati ya kugusa. Palepale wimbo ukakaa. Nikarudi nyumbani nikaisikiliza tena Idle Hands nikagundua mpiga dramu na wenzake ndicho wanachokifanya, sio kwamba wanapiga vichache, ni kwamba wanajua nani yuko pembeni yao na wanamwachia chake. Ukiwa msikilizaji tu huhitaji kujua yote haya lakini ukishaijua ile nafasi iko wapi ule msongamano ulioulalamikia unafunguka wenyewe.

Sasa kuhusu urefu. Broken Home ndo mrefu kuliko wote, unapita dakika 10, na ndio unaofungua upande wa pili wa santuri. Huu usiuwekee kwenye daladala mkuu, subiri usiku. Unakwenda polepole, ni hadithi ya mtu aliyekulia kwenye familia iliyovunjika, na Jimmy Norman anaiimba kama mtu anayekuhadithia mezani, hapandishi sauti mpaka ilazimike. Ogani ya Charlie nyuma yake inaleta kanisa, ile ya kanisa la watu weusi wa Marekani, na piano ya Eddie inaleta jazz, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zenye kiza zinaning'inia hazitaki kutua. Wimbo wa namna hii ukiufanya dakika 3 umeuua. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunalijua hili vizuri tu, wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au wa bendi ya Nuta unaanza kwa utulivu, unasimulia, unalalamika, halafu ndo unapelekwa kwenye chemko, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ni mrefu kwa sababu hadithi inataka muda wake.

Na chemko ndio njia rahisi ya kukielezea kile Walatini wanachokiita montuno, ile sehemu muundo wa wimbo unapofunguka, kodi zinakuwa mbili tatu tu zinazunguka, waitikiaji wanarudia maneno machache na muimbaji au chombo kinachomoza juu. Palmieri ni fundi wa hiyo sehemu, mkono wa kushoto unapiga kitu kilekile kama mashine na mkono wa kulia unachokonoa. Seeds of Life ambao unafunga albamu ni chemko mwanzo mwisho, unakwenda mbio, tarumbeta na tromboni zinapasua, timbales zinawaka, na bado gitaa liko mle ndani linakwaruza kifanki. Kama unataka kumshawishi mtu asiyejua chochote kuhusu hii albamu mpigie huo kwanza. Wimbo wa pili, If (We Had Peace Today), kwangu ndio mwepesi kuliko wote, mfupi, mtamu, unapita.

Maneno nayo msiyaruke. Harlem River Drive ni barabara kweli, iko Manhattan, inafuata ukingo wa mto Harlem, magari yanapita kasi pembeni ya Harlem bila kulazimika kuingia mitaani. Ukiwa ndani ya gari unaona mto, wanaoishi pale huwaoni. Palmieri akachukua jina la barabara hiyo akalipa bendi, albamu na wimbo wa kwanza, na ndani yake akaweka hao watu msiowaona: wasio na kazi, waliokulia kwenye nyumba zilizovunjika, wanaoomba amani wakati vita ya Vietnam inaendelea. Harlem ya mashariki ilikuwa ya Wapuerto Rico, pembeni yao ndio Waamerika weusi, shule moja, polisi walewale, kodi ya nyumba ileile. Mwaka 1969 vijana wa Kipuerto Rico wa Young Lords waliingia barabarani East Harlem kudai takataka zizolewe mitaani kwao, na Palmieri mwaka huohuo alishatoa albamu inaitwa Justicia, yaani haki. Kwa hiyo hawa watu kukutana studio halikuwa jambo la producer kutafuta ladha mpya ya kuuza, walikuwa ni majirani, na mimi naamini ndo maana hakuna aliyemmeza mwenzake kwenye muziki. Ule usawa unaousikia kati ya tumba na dramu ndio huohuo ulioko kwenye maneno.

Sokoni haikufanya vizuri. Redio za Kilatini zilikuwa zinataka Kihispania, redio za soul zikiona jina la Palmieri zinajua ni la Kilatini, kwa hiyo ikaanguka katikati. Inauma lakini haijapunguza kitu. Miaka ya 90 wazalishaji wa muziki wa disko wa hausi (house) wa New York, Louie Vega na Kenny Dope, walipofanya mradi wao wa Nuyorican Soul uliotoka 1997 walimwita Palmieri mwenyewe aje apige, ujue hawa ni watoto waliokuwa wanajua deni lao liko wapi.

Kuna mdau kauliza muziki huu unatuhusu nini sisi. Mkuu masikio yetu yalishaandaliwa zamani. Santuri za GV, mfululizo wa santuri zenye muziki wa Kuba, zilikuwa zinapigwa Afrika Mashariki na Kongo tangu enzi za wakoloni, Salum Abdallah pale Morogoro bendi yake ikaitwa kabisa Cuban Marimba, rumba ikaja kwetu kwa njia hizo na klave, ule mdundo wa msingi wa muziki wa Kuba, ikakaa kwenye miguu ya babu zetu. Na soul nayo ilikuwa imewaingia vijana wa Dar mpaka mwaka 1969 mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul jijini. Kwa hiyo hapa nyumbani tulikuwa na vyote viwili, tumba na soul, wakati uleule Palmieri anavikutanisha kule. Mzee wetu wa tumba alipoisikia mara ya kwanza hakuuliza ni muziki gani, aliuliza huyo anayepiga ni wa wapi.

Ushauri wangu kwako sasa. Hedifoni nzuri au spika yenye besi ya kueleweka, spika ya simu itakunyima nusu ya albamu maana nusu ya albamu iko chini. Anza na Seeds of Life uchangamke, kisha Idle Hands mara mbili, ya kwanza fuata besi tu usijali kingine chochote, ya pili fuata tumba tu. Ndo urudi wimbo wa kwanza usikilize albamu kwa mpangilio wake, Broken Home usiuruke.

Ukishaikubali, tafuta Recorded Live at Sing Sing, imetoka 1972 kwenye lebo ya Tico. Sing Sing ni gereza, liko kaskazini ya jiji kando ya mto Hudson, na Palmieri na hii bendi ya Harlem River Drive walikwenda kupiga mle ndani mbele ya wafungwa, weusi na Wapuerto Rico wamejaa. Miezi michache nyuma yake, Septemba 1971, ndo wafungwa wa gereza la Attica walikuwa wameasi na watu wengi wakafa, kwa hiyo fikiria hali ya hewa ilivyokuwa. Kelele za wale jamaa zimo kwenye rekodi, wanaitikia kila kitu, na bendi inapiga kwa nguvu ambayo studio haikuwahi kuitoa. Hiyo nayo ianze kwenye besi.

Palmieri ametutoka Agosti 2025 akiwa na miaka 88. Mwenye santuri yenyewe ya 1971 humu ndani aseme, nataka kujua sauti ya chini ikoje ukilinganisha na hizi za kwenye mtandao, kwangu naona ogani imezama sana kwenye Broken Home na sijui kama ndivyo ilivyochanganywa tangu mwanzo.