Baiskeli ya kuchajia simu za vijana wanaolala nje

SWALI: Shikamoo fundi. Hapa Mwanza tunapika uji kila jioni kwa vijana wanaolala stendi. Wengi wana vitochi (simu ndogo za vitufe), ila chaji wanalipia kibandani. Tumepewa baiskeli kuukuu. Je, tufunge oltaneta ya gari, wawe wanakanyaga na kujichajia wenyewe?

JIBU: Marahaba, dada. Oltaneta iacheni. Inataka kasi kubwa, tena inakula umeme wa betri kwanza ndipo itoe wake. Tafuteni mota ya DC ya sumaku, ya skuta ya umeme (ukiizungusha, inatoa umeme): volti 24, wati 250. Baiskeli ikae juu ya fremu, tairi la nyuma lisiguse chini, roli ya mota ya sentimita 5 ilibane tairi hilo. Kwa meno 44 mbele na 18 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mota inazunguka karibu mara 1,900. Hapo mota nyingi za aina hii hutoa volti za kutosha kuchaji betri ya volti 12.

Kati ya mota na betri wekeni fyuzi na diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Bila diodi, mtu akishuka, betri inageuka kuizungusha mota na tairi mpaka iishe. Voltimita (kipima volti) ikae kwenye usukani, ikisoma 14.4, mkanyagaji apumzike. Simu zichajiwe kutoka kwenye betri kwa chaja ya USB ya gari, kamwe si kutoka kwenye mota, maana volti hupanda na kushuka kwa kila mguu.

Sasa hili la wao kukanyaga. Niliwahi kufunga mtambo kama huu, kijana akapanda kwa furaha. Baada ya dakika kumi akashuka, magoti yanatetemeka. Kumbe tangu jana yake hajala. Sijamsahau.

Saa nzima ya wati 50 za mguu inachoma kilokalori 200 hivi, karibu chapati nzima. Baada ya upotevu mnabaki na watisaa 30, yaani wati 30 kwa saa moja: vitochi sita vinajaa, au simu janja moja. Kwa aliyeshiba, hayo ni mazoezi. Kwa mwenye njaa ni kumnyang'anya uji mliompa. Kanyageni ninyi na wanaojitolea. Kijana apande akitaka, akiwa ameshakula, na asiyepanda achajiwe vilevile.

Mkipata fedha, paneli ya sola ya wati 20 juu ya paa la jiko itachaji betri hiyohiyo mchana, baiskeli ibaki ya siku za mawingu.

Kabla hamjalipia mota, nitumie picha ya kibati chake. Volti na mizunguko vimechapwa pale.