Studio ya kupanga Chicago: mmeuliza, tunajibu

Mshahara wangu ni dola 2,900 kwa mwezi kabla ya makato. Nitafute studio (nyumba ya chumba kimoja) ya bei gani, na upande upi wa mji?

Kampuni nyingi za kupangisha hutaka mshahara uwe mara tatu ya kodi, kwa hiyo mwisho wako ni kama dola 960. Ukiomba studio ya 1,150 utakataliwa, na ada ya maombi hairudi. Anzia upande wa kaskazini: Rogers Park, kisha Uptown na Edgewater. Kuna majengo mengi ya zamani ya matofali yenye studio ndogo, na treni ya Red Line hupita usiku kucha, faida kubwa kwa anayetoka zamu saa nane za usiku. Ukiweza, hama kati ya Desemba na Februari. Watu hawapendi kubeba vitanda kwenye theluji, na mwenye nyumba mwenye chumba kitupu husikiliza zaidi.

Nimeona "studio ya gardeni", rahisi kuliko zote. Ina bustani?

Haina. Hapa gardeni ni jina la heshima la chumba cha chini, nusu yake ikiwa ndani ya ardhi. Bei ni nafuu kwa sababu: sehemu kubwa ya Chicago, majitaka na maji ya mvua hupita bomba moja, na mvua kubwa ya kiangazi ikilijaza, maji hurudi nyumbani kupitia tundu la sakafuni. Ukienda kuangalia, inama. Rangi iliyovimba chini ya ukuta, mstari wa kahawia, mbao za pembeni zilizobadilishwa upande mmoja tu: hayo ni maji. Fungua kabati unuse, kwani harufu ya ukungu hujificha humo. Uliza kama jengo lina valvu ya kuzuia maji kurudi, na hakikisha dirisha linafunguka na mtu mzima anaweza kutokea humo moto ukizuka. Ukiridhika na yote hayo, chukua. Zipo za gardeni zilizo kavu kabisa.

Tangazo linasema kodi inajumuisha joto. Ni jambo kubwa?

Kubwa sana. Rediata za mvuke za majengo ya zamani kwa kawaida hulipiwa na mwenye nyumba. Hita za umeme za ukutani utalipa wewe, na bili ya Januari itakushtua. Kama joto ni juu yako, sheria ya jiji inamtaka akupe makadirio ya gharama kabla hujasaini. Yadai kwa maandishi. Kama ni juu yake, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni chumba kisishuke chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit mchana (kama 20 za Selsiasi) na 66 usiku. Kikishuka, piga picha ya kipimajoto, mwandikie, kisha piga 311, namba ya huduma za jiji.

Nichague amana au ada ya kuingia?

Mara nyingi huchagui, unapangiwa. Sheria ya wapangaji ya Chicago inabana sana amana: risiti, akaunti ya benki yenye riba, na kurudishwa ndani ya siku 45 baada ya kuhama, mwenye nyumba akikosea anaweza kudaiwa mara mbili yake. Ndiyo maana wengi wameikimbilia ada isiyorudishwa. Ada ya dola 400 kwa mkataba wa mwaka ni sawa na kuongeza kodi kwa dola 33 na ushee kila mwezi; linganisha hivyo. Jihadhari: jengo lenye nyumba sita au pungufu, mwenyewe akiishi humo, haliguswi na sheria hiyo.

Nina miezi miwili Marekani, sina rekodi ya mikopo.

Epuka kampuni kubwa, kompyuta yao itakukataa. Nenda kwa wenye majengo madogo ukiwa na barua ya mwajiri, hati za mshahara, I-94 (rekodi ya kuingia kwako Marekani) na, ukimpata, mdhamini.

Aliyeweka tangazo anataka nitume pesa kwa Zelle (huduma ya kutuma pesa kupitia benki) ndipo anipe funguo za kuangalia.

Usitume. Huo ni mtindo wa matapeli; mara nyingi picha huwa wameziiba kwenye tangazo la mtu mwingine.

Kunguni je?

Kagua mishono ya zulia na nyufa za ukuta karibu na pa kulala. Ukiwaona baada ya kuhamia, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya siku 5. Kuwaua ni gharama yake. Na yale magodoro yaliyotupwa uchochoroni kila mwisho wa mwezi, hata yawe mapya namna gani, yaache hapo hapo.